Chungu cha Busaa na Mkono wa Serikali

Uwe mjini Butere pale reli ya kutoka Kisumu inapoishia, uwe Shianda, Manyala au Sabatia, karibu tuketi pamoja kwa muda huu tuliopewa. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kila boma la Marama, hapa Butere, linalijua, ingawa wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Tuzungumze pombe, na tuulizane serikali ina haki ya kufika wapi katika maisha ya mtu mzima anayetaka kunywa, kutengeneza au kuuza.

Kilichonisukuma ni sera. Tarehe 30 Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya, iliyoandaliwa na mamlaka tunayoijua kwa jina la NACADA. Sera hiyo inapendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Inapendekeza pombe isiuzwe katika maduka makubwa ya kujihudumia, isiagizwe kwa mtandao wala kupelekwa mtu nyumbani, isiuzwe kwenye fuo za bahari, na watu mashuhuri wasitumiwe kuitangaza. Kelele zilikuwa kubwa. Wenye baa walilalamika, vijana walilalamika, na siku chache baadaye NACADA ikafafanua kwamba hayo ni mapendekezo ya sera, bado hayajawa sheria.

Nilipoyasikia mabishano yale nilijiuliza ni nani hasa anayezungumziwa. Bahari iko mbali nasi. Duka kubwa la kujihudumia si mahali ambapo mtu wa Marama hununua pombe yake, na kijana wa hapa hapigi simu aletewe chupa mlangoni. Pombe inayonywewa hapa inatoka nyuma ya jiko la jirani au kwenye kichaka kando ya kijito. Haina lebo, haina stempu ya ushuru, haina saa ya kufungua wala ya kufunga. Katika makelele yote yale sikusikia mtu akiuliza habari za pombe hiyo, na ndiyo inayoingia tumboni mwa watu wetu kila siku.

Tuanze na busaa, kwa kuwa ndiyo kongwe. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa kwenye bati pana juu ya moto mpaka uwe punje punje za rangi ya kahawia, harufu yake ikifika hadi barabarani. Hutiwa maji na kimera, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, na baada ya siku mbili tatu huchujwa. Nguvu yake haiko mbali na ile ya bia ya chupa. Haiwekeki. Zikipita siku chache inakuwa chachu isiyonyweka, kwa hiyo hakuna anayeweza kuirundika ghalani au kuisafirisha mbali. Wazee waliinywa ikiwa vuguvugu, wamekizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ilikuwa ya mahari, ya tohara, ya matanga, na ya siku ile majirani walipoitwa kulima shamba la mtu wakamaliza kabla ya jua kutua.

Chang'aa ni habari nyingine. Kangara ya molasi au ya sukari guru huchachushwa kwenye mapipa, ikachemshwa, na mvuke ukapozwa ukawa kinywaji kikali kisicho na rangi. Ukanda huu wetu ni wa miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka wa 1973, na molasi haijawa kitu cha kutafutwa mbali.

Wanaotengeneza na kuuza kwa sehemu kubwa ni akina mama. Mnawajua, na mimi nawajua. Ni mjane mwenye robo ekari ya shamba. Ni mama ambaye mumewe alikwenda Nairobi akakoma kutuma pesa. Ni kukhu, yaani nyanya, anayelea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa. Anahitaji karo Januari, na mahindi aliyovuna hayatoshi hata kula mpaka Aprili. Tunamwita mama pima, naye anapima. Wako walimu, wauguzi na maofisa wa serikali katika nchi hii waliosomeshwa na chungu, na baadhi yao leo ndio wanaotumwa kwenda kukivunja.

Sasa tuulize mkono wa serikali ulianza lini kukigusa chungu hiki. Ulianza na mkoloni. Nairobi, kuanzia miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe, ikawakamata wanawake waliotengeneza yao majumbani, na faida ikaingia katika hazina yake. Huku mashambani kazi hiyo walipewa machifu. Sheria ya Machifu ya 1937, ambayo tuliirithi tulipopata uhuru, ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri kuhusu utengenezaji na unywaji wa pombe katika eneo lake. Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi mwaka wa 1947, wakati kiwanda cha bia Nairobi kilikuwa kimekwisha kufanya kazi tangu 1922. Pombe kali aliendelea kukatazwa kwa miaka kadhaa zaidi. Mzungu alikuwa na klabu yake. Karani Mwafrika aliyesoma Maseno au Butere, mwenye suti na mshahara, hakuwa na akili ya kutosha machoni pa sheria kukabidhiwa chupa moja.

Tulipojitawala tulitarajia mambo yageuke. Mwaka wa 1980, chini ya Rais Moi, Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Kwa miaka 30 iliyofuata, mama pima alikuwa mhalifu kwa jina na kwa kifungu. Jirani zetu nao walikuwa wakihangaika na jambo hilohilo. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli, pombe kali yao ya kienyeji, mwaka wa 1965, Tanzania ikatunga yake ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, mwaka uliofuata.

Ukizitazama sheria hizi kuanzia ya mkoloni mpaka yetu, utaona kipimo chake hakikuwa nguvu ya pombe. Whisky ina nguvu mara nane ya busaa au zaidi, na hakuna chifu aliyewahi kuvamia klabu ya gofu. Kilichopimwa ni nani anakunywa na fedha zinakwenda wapi. Pombe iliyopita kiwandani na kulipa ushuru iliitwa kinywaji. Pombe iliyopita jikoni kwa mama ikaitwa haramu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu hukumu hiyo tuliichukua kwa mkoloni bila kuichunguza, tukaifanya yetu.

Kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Watu wengi wanaikumbuka kwa saa zake: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana siku za mwisho wa juma na sikukuu, na kufungwa saa tano usiku. Wanakumbuka pia kwamba baa haifai kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Jambo kubwa zaidi ndani yake limesahaulika. Sheria hiyo ilifuta marufuku ya 1980. Tangu Novemba 2010, chang'aa yenyewe si haramu nchini Kenya, mradi itengenezwe kwa leseni, ifikie viwango vya ubora, ipakiwe chupani na iwe na lebo yenye maonyo ya afya.

Nilifurahi wakati ule. Nilidhani mama wa Manyala atatoka kichakani. Lakini hebu fikiria mama huyo akianza safari ya kutafuta leseni. Anahitaji jengo lililokaguliwa, vipimo vya maabara, chupa, lebo, alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, na ada za mwaka. Mtaji wake wote ni pipa moja na gunia la sukari guru. Mlango ulifunguliwa, lakini ukawekwa juu sana hata mwenye shida hafiki. Waliofika ni wenye mitambo, waliochanganya spiriti na rangi na ladha wakaiuza kwenye vichupa vya bei nafuu. Mama pima akabaki alipokuwa, na chifu akaendelea kumfuata.

Na anamfuata namna gani? Alfajiri gari linaingia kijijini. Mapipa yanatobolewa, kangara inamwagika mpaka barabarani, mama anapandishwa gari akiwa na leso mabegani. Jioni tunaambiwa lita elfu kadhaa zimeharibiwa. Juma linalofuata moshi unafuka mahali palepale. Kati ya msako mmoja na mwingine kuna kitu kidogo kinachopita mikononi, kila wiki, kwa kiwango kinachojulikana, na asiyekitoa ndiye ambaye mapipa yake hutobolewa. Huo ni ushuru, msikilizaji. Mama pima analipa kodi pengine kubwa kuliko mwenye duka, ila kodi yake haijengi zahanati wala haikarabati barabara ya Shianda.

Misako hiyo tena inagusa haki za msingi. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja wazi haki ya nyumba yake kutopekuliwa na mali yake kutochukuliwa. Ibara ya 24 inasema haki inaweza kuwekewa mipaka kwa sheria, na mipaka hiyo lazima iwe ya busara, inayoweza kutetewa katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sidhani waliotunga maneno hayo walitarajia yaishie kwenye ua wa matajiri. Tena sisi wa Butere hatuhitaji kufundishwa habari za uhuru. Martin Shikuku, mbunge wetu wa miaka mingi, alikamatwa katika majengo ya Bunge Oktoba 1975 na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa bungeni. Mwezi Aprili 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikwenda Nakuru na mchezo wao wa kuigiza ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuuonyesha, na siku ile ikaisha kwa gesi ya kutoa machozi. Uhuru wa kunywa busaa ni mdogo ukiulinganisha na uhuru wa kusema. Hata hivyo vyote viwili vinakanyagwa kwa buti moja, na mtu aliyezoea kuona mlango wa jirani ukivunjwa kwa sababu ya chungu hatashangaa sana siku utakapovunjwa kwa sababu ya maneno.

Hapa najua yuko msikilizaji anayeuliza: na vifo je? Watu hawafi kwa pombe hizi? Wanakufa, na ni lazima tujue wanakufa kwa nini.

Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na wengine wakapofuka. Mei 2014, makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu, Makueni, Kitui na kwingineko ndani ya siku chache. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga, na ilielezwa kwamba kinywaji kilichowaua kilikuwa kielelezo cha kesi kilichotolewa kituo cha polisi na kurudishwa sokoni. Katika misiba ya namna hii muuaji mkubwa ni methanoli, spiriti ya viwandani inayotumika kuyeyusha rangi na kutengeneza kemikali. Haina tofauti kubwa ya ladha wala rangi na pombe ya kawaida. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa sumu inayoshambulia mshipa wa macho kwanza. Vijiko vichache vya chai vinaweza kumtia mtu upofu, na kiasi kinachojaa vijiko viwili vya mezani kinaweza kumuua.

Kiasi hicho cha methanoli hakitoki kwenye mahindi na wimbi. Hakuna chungu cha busaa kinachoweza kukizalisha hata kikikaa mwezi. Kinaletwa kwenye mapipa, kwa lori, na mtu mwenye mtaji anayejua anachokifanya, kikachanganywa na maji na kuuzwa kwa walio na shilingi chache. Chang'aa nayo huongezewa nguvu kwa vitu vya ajabu hasa kwa sababu inapikwa kwa kujificha na kwa haraka, kabla ya gari kufika. Serikali ingetaka kuokoa uhai, ingeanza na lori, mpakani na ghalani. Kumwaga busaa ya kukhu hakujawahi kumzuia muuzaji wa methanoli hata siku moja.

Nimesema upande huo kwa nguvu, na sasa nitasema upande wa pili kwa nguvu ileile, kwa sababu siko hapa kuwapendeza wanywaji.

Utafiti wa NACADA wa 2022 uliiweka Magharibi mbele ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe. Asilimia 23.8 ya watu wetu wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wanywaji wa wakati huo. Eneo lililofuata halikukaribia hata robo tatu ya kiwango hicho. Chang'aa nayo tunaongoza. Hizo si takwimu za Nairobi za kutuonea. Pita sokoni Jumatatu saa tatu asubuhi, utawaona vijana wenye nguvu wa miaka 25 wamelala kwenye baraza ya duka. Uliza walimu ni watoto wangapi wanakuja shuleni bila kulala kwa sababu baba alirudi usiku wa manane akitafuta wa kumpiga. Uliza kwenye ofisi ya chifu ni mashamba mangapi yameuzwa vipande vipande kwa siri ya mke.

Watu husema ni utamaduni wetu. Nami nasema, basi tuukumbuke wote. Katika utamaduni huo kijana aliyetahiriwa juzi hakukaa kwenye chungu. Mrija ulikuwa wa mzee mwenye boma, mwenye watoto, mwenye heshima ya kupoteza. Busaa ilifuata mavuno, kwa hiyo kulikuwa na miezi ya chungu na miezi mingi bila chungu. Mlevi aliyetukana mbele ya wakwe alitozwa faini ya kuku au mbuzi, na aibu yake ilikaa miaka. Kulikuwa na sheria ya pombe hapa Marama kabla ya kuwako chifu wa serikali, na aliyeisimamia alikuwa ameketi kwenye chungu hichohicho.

Sheria hiyo ilivunjika kidogo kidogo. Wamisheni wa Kianglikana wa CMS walipofika Butere mwaka wa 1912, na kabla yao Wakweka waliofika Kaimosi mwaka wa 1902, walimtaka muumini aache chungu kabisa. Majirani zetu Waislamu wa Mumias nao hawakuwa na mjadala juu ya jambo hilo. Ninawaheshimu wote hao, na familia nyingi ziliokoka kwa sababu yao. Lakini matokeo mengine yalikuwa kwamba watu wenye busara na msimamo waliondoka kwenye chungu, wakawaachia wasiokuwa nao. Kisha pombe ikawa biashara. Ikawa ya kila siku, ya mwezi wowote, ya yeyote mwenye shilingi 20. Miwa ikaleta pesa za mkupuo, baadaye Mumias ikadorora mpaka ikawekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, na vijana ambao baba zao walikata miwa wakabaki na mikono mitupu. Mashamba yamegawanywa mpaka hayagawanyiki tena. Katika hali hiyo kikombe cha chang'aa ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho bei yake haijamshinda kijana.

Kwa hiyo ninapozungumza juu ya uhuru, simaanishi uhuru wa mwanamume peke yake. Mke ana uhuru wa kulala bila hofu. Mtoto ana haki ya karo yake isiishie mangweni. Mtu mzima akinywa busaa yake jioni, akarudi nyumbani kwa miguu yake na kuamkia shambani, sioni serikali ina neno gani naye. Akiinua mkono juu ya mkewe amevuka mstari, na hapo nataka serikali ije, tena ije mbio, hata kama alikunywa bia ya chupa iliyolipiwa ushuru wote. Kosa ni kipigo. Kosa ni kumuuzia mtoto wa miaka 14. Kosa ni kutia sumu kwenye kinywaji. Askari tunao wachache, na kila asubuhi wanayoitumia kutoboa mapipa ni asubuhi ambayo hawakumfuata mmoja wa wakosaji hao.

Kuhusu umri wa miaka 21 nitasema kifupi. Siuungi mkono. Mtu wa miaka 18 anapiga kura, anaweza kuoa, anaweza kuandikwa jeshini na kutumwa vitani. Zaidi ya hayo, sheria ya miaka 18 tunayo tayari na mangweni hakuna anayeulizwa kitambulisho. Kuongeza miaka 3 kwenye sheria isiyotekelezwa kutampa tu yule mwenye kupokea kitu kidogo wateja wapya.

Kuhusu bei, kuna funzo ambalo wakubwa wanapaswa kulikumbuka. Mwaka wa 2004 kampuni ya bia ilileta Senator Keg, bia ya mapipa ya bei nafuu, na serikali ikaipunguzia ushuru makusudi ili iwavute watu kutoka kwenye chang'aa. Wengi walivutwa. Wakulima wa mtama wa Siaya na Busia wakapata soko. Mwaka wa 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na wanywaji hawakuacha kunywa. Walirudi kwa mama pima. Ilibidi msamaha wa ushuru urejeshwe. Maskini haachi pombe kwa sababu imepanda bei, huhama tu kwenda kwenye iliyo rahisi na mbaya zaidi.

Basi tufanye nini? Nguvu tunayo karibu kuliko tunavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba liliziachia kaunti utoaji wa leseni za vileo. Jambo hili linaweza kuamuliwa Kakamega, katika bunge letu la kaunti, bila kungoja mtu wa Nairobi.

Ningependa busaa itengwe na chang'aa kabisa katika sheria zetu, maana si kitu kimoja. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kipewe leseni ya busaa kwenye wadi kwa ada wanayoweza kuilipa, iuzwe mahali panapojulikana, kwa saa zinazojulikana, na afisa wa afya ya umma akague maji, vyombo na choo kama anavyokagua hoteli ya chai. Kikundi kikimuuzia mtoto, leseni ya kikundi kizima inaondoka. Hapo akina mama watachungana wenyewe kwa ukali kuliko askari yeyote. Na hela inayopita gizani ipite mchana, iandikiwe risiti.

Chang'aa ni ngumu zaidi, nami sitaki kuwadanganya kwamba inaweza kupikwa salama katika kila kichaka. Hapo Uganda ilikuwa na wazo la kuangaliwa. Ile Sheria ya Enguli ya 1965 ilimtaka mpishi wa kijijini awe na leseni na auze enguli yake kwa kiwanda, ambako ilisafishwa upya na kuwa Uganda Waragi. Utekelezaji ulilegea, na wengi waliendelea kuuzia majirani. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la heshima: lilimwona mpishi kuwa mzalishaji anayehitaji mnunuzi. Sisi tuna miwa, tuna molasi, tuna watu wenye ujuzi huo mikononi. Kukosa kiwanda cha namna hiyo katika kaunti yenye miwa kiasi hiki ni uzembe wa mipango.

Na aliyekwisha kuzama? Huyu ndiye tunayemsahau kila mara, sera kwa sera. Mtu ambaye mikono inatetemeka asubuhi mpaka apate kikombe ni mgonjwa. Kumfunga miezi mitatu hakumponyi, na kuacha ghafla bila uangalizi wa daktari kunaweza kumuua. Mwambie mkewe ampeleke akatibiwe, atakuuliza wapi, na kwa pesa gani. Vituo vingi vya kurekebisha waraibu nchini ni vya kibinafsi na vinatoza kwa mwezi fedha ambazo familia ya hapa haizioni kwa mwaka. Hospitali ya Butere inahitaji angalau wahudumu waliofunzwa kazi hiyo, kitanda cha siku chache za mwanzo, na dawa. Ada za leseni za pombe zilizokusanywa katika kaunti hii ziende huko kwanza kabla ya kwenda popote.

Msikilizaji, sera ile ya Julai 2025 haiwezi kugeuka sheria bila wananchi kuulizwa maoni, na sheria yoyote ya vileo ya kaunti lazima ipite kwenye kikao cha umma. Vikao hivyo hutangazwa kwa siku chache, hufanyika katikati ya wiki, na wanaohudhuria huwa wenye baa, wachungaji na machifu. Nawaomba akina mama mnaopika, nendeni. Msijifiche siku hiyo. Nawaomba wake za walevi, nendeni mkaketi kwenye benchi moja nao, mseme yanayowapata. Nanyi waheshimiwa wa bunge la kaunti mliotoka wadi tano za Butere, pelekeni mswada wa leseni ya busaa kabla ya muhula huu kwisha. Karo ya Januari haitangoja.